Sura ya Saba: Kombi Iliyoshushwa na Nafasi Iliyopotea

Kombi ya zamani ya Volkswagen iliyoshushwa ikipita kwenye tuta na kumrusha abiria hadi karibu na dari, watu hutoa hukumu moja: springi zimekuwa ngumu. Wenye magari wanaiamini hukumu hiyo, abiria wanaiamini, na mafundi wengi pia. Kwa sababu wanaiamini, wanatafuta dawa mahali isipokuwapo. Wanabadilisha shokapu, wanapunguza upepo wa tairi, wengine wanachomoa baadhi ya vyuma vya springi ili gari lilainike, na bado linadunda, mara nyingine kuliko mwanzo. Mimi nashikilia kwamba springi za Kombi iliyoshushwa kwa njia iliyozoeleka hazijawa ngumu hata kidogo. Ugumu wake ni uleule wa siku ilipotoka kiwandani. Kilichopungua ni nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya kugonga kizuizi, na karibu kila kero ya gari hilo inatokana na upungufu huo: kudunda, kuyumba kwenye kona, usukani kuvuta peke yake barabara inapoharibika.

Ili hoja hii ieleweke, ni lazima tuanzie chini ya gari lenyewe. Wazo la Kombi lilianza kwa mchoro wa Mholanzi Ben Pon mwaka 1947, na magari ya kwanza yakaanza kuundwa Wolfsburg, Ujerumani, Machi 1950. Chini yake hakuna springi za kuzungushwa wala za majani marefu kama za lori. Kuna torsheni, yaani chuma kinachobeba uzito kwa kusokotwa, mfumo ambao Ferdinand Porsche aliuwekea hataza mwaka 1931. Mbele kuna bimu ya mabomba mawili yaliyolala kutoka upande hadi upande. Ndani ya kila bomba kuna furushi la vyuma vyembamba lililofungwa katikati, na ncha zake zimeshika mikono inayoelekea nyuma, miwili kila upande. Gurudumu likipanda, mikono inazunguka na furushi linasokotwa. Nyuma, kila upande una fimbo yake ya torsheni yenye meno kwenye ncha zote mbili, ncha ya ndani ikishikwa na chesisi na ya nje ikishika bamba linalokwenda hadi kwenye gurudumu. Kila penye springi pana pia raba ya kizuizi, kipande kidogo ambacho kazi yake ni kupokea pigo la mwisho pale gurudumu linapofika juu kabisa.

Sasa tazama fundi anachofanya anapoishusha Kombi kwa njia ya kawaida. Nyuma, anachomoa bamba kwenye meno ya torsheni, analizungusha kwa jino moja au mawili, na kulirudisha. Mbele, anakata bomba la bimu katikati na kuchomelea kirekebishi kinachozungusha pale furushi lilipofungwa. Katika kazi zote mbili, chuma kinachosokotwa ni kilekile, unene wake ni uleule, urefu wake ni uleule. Ugumu wa torsheni unategemea mambo hayo pamoja na aina ya chuma. Hautegemei ilianzia kwenye pembe gani. Hivyo gari limeshuka kwa sentimita 8, tuseme, bila springi kuongezeka ugumu. Lakini raba ya kizuizi haikusogea. Kama awali gurudumu lilikuwa na sentimita 10 za kupanda kabla ya kuigusa, sasa limebaki na 2. Abiria anayedhani amekalia springi ngumu kwa kweli amekalia raba iliyobanwa baina ya chuma na chuma.

Hesabu ya jambo hili inatisha kidogo. Nishati ya pigo la tuta ambayo springi inaweza kuimeza, juu ya uzito inaoubeba tayari, inalingana na ugumu wa springi ukizidishwa kwa nafasi ya kupanda, kisha kwa nafasi hiyohiyo tena. Nafasi inahesabiwa mara mbili. Ukiipunguza kwa nusu, springi inameza robo tu ya pigo lililomezwa mwanzo, na ili imeze pigo lilelile ingebidi iwe na ugumu mara nne. Mtu anayeruka kutoka ukutani akitua na magoti yaliyokunjwa hupoza mshindo kwa umbali wote wa magoti hayo. Akitua na miguu imenyooka, mshindo unafika kwenye uti wa mgongo, hata kama misuli yake ni ileile. Ndiyo maana kutoa vyuma kwenye furushi la mbele, njia rahisi na ya bei nafuu ya kushusha gari, ni kosa baya kuliko yote. Springi inalainika, ni kweli, lakini nafasi nayo imepungua, kwa hiyo kila shimo linalifikisha gurudumu kwenye kizuizi. Kombi ya namna hiyo inaweza kuwa laini kama godoro ikiwa imesimama mbele ya gereji, kisha ikaumiza mgongo katika kilomita ya kwanza ya barabara ya kweli.

Kuna jambo la pili ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni njia linayopita gurudumu linapopanda. Mikono ya mbele ya Kombi imefungwa mbele ya gurudumu na kuelekea nyuma. Katika urefu wa kiwandani inainama kidogo kuelekea chini, na kwa hiyo gurudumu likigonga tuta, linapanda huku likirudi nyuma kidogo, likilikwepa pigo. Ukilizungusha furushi mpaka mikono ipite usawa na kuelekea juu, mambo yanageuka: gurudumu sasa linapanda huku likienda mbele, likilifuata tuta. Hata springi bora kabisa haiwezi kuuficha mgongano huo. Dereva anausikia mikononi kama mtikisiko mkavu, na fundi akiulizwa anasema bushi zimeisha.

Kama tatizo ni nafasi, basi dawa ni kushusha gari bila kuigusa nafasi hiyo. Inawezekana, kwa sababu urefu wa gari haupangwi na pembe ya mikono peke yake. Unapangwa pia na mahali kitovu cha gurudumu kilipo ukilinganisha na ncha ya mikono. Ukikipandisha kitovu, gari linashuka na mikono inabaki pale ilipowekwa na wahandisi wa Volkswagen. Spindo zilizoshushwa, yaani vipande vinavyobeba beringi za magurudumu ya mbele vilivyotengenezwa upya kitovu kikiwa juu zaidi, zinafanya hivyo hasa. Kwa Kombi kipimo chake huwa karibu na sentimita 6. Raba ya kizuizi haijui kwamba gari limeshuka, shokapu haijui, na pembe ya mikono haijabadilika. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa cha kwanza kununuliwa, kabla ya rimu, kabla ya rangi, kabla ya kingine chochote.

Nyuma, Kombi za kioo cha mbele kilichogawanyika, zile zilizoundwa hadi katikati ya mwaka 1967, zinatoa ushahidi mzuri zaidi wa kanuni hiyo. Magari hayo yana visanduku vya gia kwenye ncha za ekseli, urithi wa Kübelwagen, gari la kijeshi la Volkswagen la wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vilivyowekwa ili kuinua gari na kuipa injini dhaifu nguvu ya kupanda milima. Injini ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 1,131 na nguvu za farasi 25 tu. Kila kisanduku kinaliweka gurudumu chini ya mstari wa ekseli. Kikiondolewa na kuwekwa ekseli nyoofu, gari linashuka kwa sentimita kadhaa, ilhali pembe ya ekseli haibadiliki hata kidogo. Pembe hiyo ni muhimu, maana ekseli ya magari haya inabembea kwa jointi moja tu iliyo kando ya giaboksi, na gurudumu linalala kadiri ekseli inavyoinama. Chukua ekseli ya sentimita 60: ukiishusha Kombi kwa sentimita 5 kwa kuzungusha bamba, gurudumu linalala ndani kwa karibu nyuzi 5 zaidi. Tairi linaliwa upande wa ndani, na wakati wa kufunga breki linashika barabara kwa ukingo badala ya uso mzima. Ekseli nyoofu inaepusha hayo. Gharama yake ni kwamba visanduku vilikuwa pia vinageuza mwelekeo wa mzunguko, hivyo giaboksi ni lazima ibadilishwe au gia yake kubwa ihamishiwe upande wa pili. Bila hivyo gari litakuwa na gia moja ya kwenda mbele na nne za kurudi nyuma. Nguvu ya kupanda milima nayo inapungua. Anayeishi penye miinuko mirefu ahesabu hilo kabla ya kukata chuma.

Kwa Kombi za kioo kimoja, kuanzia modeli ya 1968, nyuma kuna shafti zenye jointi mbili kila upande na mikono inayoliongoza gurudumu, kwa hiyo kulala kwa gurudumu ni kudogo na matundu marefu kwenye bamba yanaruhusu marekebisho. Hapa kuzungusha bamba kwa kiasi kunavumilika. Meno ya ndani na ya nje ya torsheni hayalingani idadi, na tofauti hiyo, ambayo mafundi wavivu huiona kero, ndiyo inayomwezesha fundi makini kupata mabadiliko madogo sana: jino moja mbele ndani, jino moja nyuma nje, na gari linasogea kidogo tu. Raba za kizuizi ziwekwe fupi zaidi, zenye umbo la koni, ili pigo lipokelewe polepole badala ya ghafla. Kuzikata kabisa, kama wengine wanavyofanya ili kupata nafasi, ni kuhamishia pigo kwenye shokapu na chesisi, na chesisi ya gari la miaka 50 haina ziada ya kutoa.

Njia nyingine inayopendwa ni kuifupisha bimu ya mbele, ili magurudumu yaingie ndani na yasikwaruze madigadi yanapopanda. Sababu yake ni ya kweli. Tairi linalokwama kwenye bodi limepoteza nafasi sawasawa na lile lililogonga raba. Ila bimu fupi inafupisha furushi la torsheni, na torsheni fupi ni ngumu zaidi. Kama kila nusu ya furushi ilikuwa sentimita 40 na umetoa 5, ugumu umepanda kwa takriban asilimia 14. Hilo mtu anaweza kulikubali. Ubaya mkubwa uko kwenye tairodi, yaani fimbo za usukani zinazoyageuza magurudumu ya mbele, ambazo nazo ni lazima zifupishwe, na hapo tunaingia kwenye sehemu ya ushikaji wa barabara ambayo kasoro zake wengi wanazisingizia upepo au uzee wa gari.

Mikono ya Kombi inalipandisha gurudumu wima, bila kulisogeza kushoto wala kulia. Tairodi, kinyume chake, inazunguka kwenye ncha yake, na kadiri inavyoinama ndivyo inavyolivuta gurudumu upande na kuligeuza bila dereva kutaka. Chukua tairodi ya sentimita 40 iliyolala sawa na ardhi. Gurudumu likipanda sentimita 5, ncha ya tairodi inavutwa kwa milimita 3 hivi. Lakini kama gari limeshushwa na tairodi imekwisha kuinama kwa sentimita 5, kupanda kwa sentimita 5 nyingine kunavuta karibu milimita 10. Tuta ni lilelile, na kosa la usukani limekuwa mara tatu. Ifupishe tairodi, na kosa linaongezeka tena. Dereva anajiona anapigana na gari kwenye barabara yenye mawimbi na kudhani usukani umelegea. Dawa ni kuhamisha ncha ya tairodi kwenda upande wa pili wa mkono wa spindo, au kuchagua spindo ambazo mkono wake umetengenezwa ili tairodi irudi kulala sawa. Bila hilo, alaimenti ya gharama yoyote ile ni sahihi gari likiwa limesimama tu.

Kisha kuna mtindo wa kuinamisha pua. Umbali baina ya ekseli za Kombi, za vizazi vyote viwili, ni mita 2.4. Ukiishusha mbele kuliko nyuma kwa sentimita 4 hivi, mwili mzima unainama kwa karibu nyuzi 1, na nyuzi hiyo inatoka kwenye kasta, yaani ile pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati. Kombi haikuzaliwa na kasta nyingi. Ukiipora nyuzi 2 kwa ajili ya sura, kwenye barabara kuu yenye upepo wa ubavuni itatangatanga, kwa sababu ni gari la ubavu mpana ambalo injini yake iko nyuma kabisa. Gari lililoshushwa kwa usawa mbele na nyuma linaendeshwa vizuri zaidi, na kwa jicho langu linapendeza zaidi pia.

Kuna wanaopinga, nao wana hoja nzito: gari lililo chini ndilo linaloshika barabara, na magari ya mashindano ni ushahidi. Ni kweli kwamba kushusha uzito kunapunguza mzigo unaohamia magurudumu ya nje kwenye kona. Kama kitovu cha uzito kilikuwa sentimita 75 juu ya ardhi na sasa kiko 68, mzigo unaohama umepungua kwa chini kidogo ya asilimia 10. Ni faida, na kwa Kombi ya ekseli inayobembea kuna faida ya ziada, kwamba gurudumu la nje halijikunji chini ya gari kwa urahisi kama zamani. Lakini faida hiyo inadumu mradi tu springi ndiyo inayobeba mzigo. Mara raba ya nyuma inapoguswa katikati ya kona, ugumu wa upande ule unaruka ghafla, tairi linaachia, na mkia wenye injini unatangulia. Gari la mashindano liko chini, lina springi ngumu kwa makusudi, na linakimbia kwenye lami laini. Anayetaka kuliiga achukue masharti yote matatu.

Wengine watasema mjadala wote umepitwa na wakati, kwa kuwa saspensheni ya hewa inampa mtu urefu wowote kwa kubonyeza kitufe. Naikubali nusu ya hoja hiyo. Puto la hewa linaruhusu gari kulala chini likiegeshwa na kuinuka likisafiri, na hilo ni jibu halali kwa anayependa sura. Lakini puto halitengenezi nafasi. Linamwachia dereva achague kiasi gani atumie. Anayeendesha huku amelipunguza hadi chini yuko palepale alipo mwenye torsheni iliyozungushwa, tena vibaya zaidi, maana hewa iliyobanwa kwenye chumba kidogo inakuwa ngumu haraka. Urefu wa safari upangwe kwanza, ufungwe, na alaimenti ifanywe katika urefu huo.

Kuhusu shokapu sina mengi. Shokapu haibebi gari wala haiwezi kuongeza sentimita. Inatuliza tu mwendo wa springi. Iwe fupi kulingana na urefu mpya, ili pistoni yake ifanye kazi katikati na isigonge mwisho, na isiwe ngumu kupita kiasi. Tairi linahitaji uangalifu zaidi. Tairi la kawaida la Kombi ya kioo kimoja, 185R14 ya magari ya mizigo, lina kimo cha karibu milimita 650. Wanaoweka 195/50R15, lenye milimita 576, wanaishusha Kombi kwa sentimita 3.7 bila kugusa saspensheni, na wanafurahi. Wasome alama ya mzigo ubavuni mwa tairi. Alama 82, iliyozoeleka kwa saizi hiyo, inaruhusu kilo 475 kwa tairi moja, kilo 1,900 kwa manne, wakati Kombi hiyo iliyojaa inapita tani 2. Hapo suala limeshaacha kuwa starehe na kuwa maisha ya abiria.

Linabaki pingamizi la wahifadhi, wanaosema Kombi isiguswe kabisa, kwamba urefu wake ulikuwa na maana. Ulikuwa nayo. Kombi zilizobeba watalii mbugani Kenya na Tanzania zilihitaji kila sentimita ya urefu ule, na springi zake ziliwekewa hesabu ya mzigo uliokaribia tani nzima. Kombi inayobeba watu wawili na vitanda kwenye lami ina kazi nyingine, na mwenyewe ana haki ya kuipa umbo lingine. Ninachopinga ni kulipa umbo hilo kwa nafasi ya gurudumu, halafu kuilaumu springi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fundi yeyote, pakia gari kama unavyolitumia, lala chini yake na rula, na pima umbali kati ya kila raba ya kizuizi na chuma inachokigonga. Kagua pia pini, bushi na mchezo wa usukani, maana kushusha gari lililochakaa kunaficha ugonjwa wa zamani chini ya mpya. Ukikuta chini ya sentimita 5 mbele au nyuma, usishushe tena hata kidole, na usinunue shokapu mpya ukitegemea muujiza. Inua torsheni mpaka nafasi irudi, weka spindo zilizoshushwa ili sura unayoitaka ibaki, nyoosha tairodi, na hapo ndipo uende kwenye alaimenti.